Je, wajua kwa nini virusi vya Nipah vilihitaji shamba kubwa la nguruwe ili viwe janga?

Mwishoni mwa mwaka 1998, wafanyakazi wa mabanda ya nguruwe karibu na mji wa Ipoh, Malaysia, walianza kulazwa hospitalini wakiwa na homa, maumivu makali ya kichwa na usingizi mzito ulioishia, kwa baadhi yao, katika kupoteza fahamu. Ilidhaniwa kuwa ni homa ya ubongo ya Kijapani, ambayo mbu huitoa kwa nguruwe na kuwaambukiza watu, kwa hiyo dawa ya mbu ikapulizwa na chanjo zikatolewa. Hata hivyo, dalili za mambo zilikataa maelezo hayo. Homa ya Kijapani huwapata zaidi watoto, ilhali waliokuwa wakifa hapa ni wanaume watu wazima, baadhi yao wakiwa wamekwisha kuchanjwa, na wengi mno walikuwa watu walioshika nguruwe kwa mikono yao.

Machi 1999, Dakta Chua Kaw Bing wa Chuo Kikuu cha Malaya alifanikiwa kuotesha maabara virusi visivyojulikana hapo kabla, vilivyotoka kwa mgonjwa wa kijiji cha Sungai Nipah, na jina la kijiji likawa jina la ugonjwa. Mlipuko ulipokwisha, Malaysia ilikuwa imehesabu wagonjwa 265 na vifo 105, na nguruwe zaidi ya milioni moja walikuwa wameuawa ili kukata maambukizi. Singapore nako wafanyakazi 11 wa machinjio yaliyopokea nguruwe kutoka Malaysia waliugua, na mmoja wao akafariki.

Chanzo kilikuwa popo wakubwa wala matunda, jamaa wa karibu wa popo wa Pemba, ambao hubeba virusi hivyo bila kuugua. Katika shamba ambako mlipuko unaaminika kuanzia kulikuwa na nguruwe zaidi ya 30,000, na kando ya mabanda palipandwa miembe ya biashara. Usiku popo walikuja kula maembe, wakadondosha mabaki yenye mate yao, na nguruwe wakayaokota. Maelezo mengi huishia hapo, na kwa maoni yangu huishia mapema mno, kwa sababu popo, miembe na nguruwe vimekuwapo pamoja Malaysia kwa muda mrefu bila msiba wa namna hiyo.

Tofauti iko katika ukubwa wa shamba. Virusi vikiingia katika zizi la nguruwe 20, huwapitia wote kwa muda mfupi. Walionusurika hubaki na kinga, vikakosa pa kwenda na kutoweka, kama moto uliokwisha kuteketeza nyasi zote za uwanja. Katika shamba la maelfu, majike huzaa mfululizo mwaka mzima. Kitoto kinyonyacho dang'a ya mama aliyewahi kuambukizwa hupata kingamwili zake, lakini kinga hiyo ya kuazima hufifia baada ya miezi michache, na wakati huohuo mnyama huyo huhamishiwa banda la kunenepeshwa pamoja na mamia ya rika lake ambao nao kinga yao inaisha. Kwa hiyo virusi havikosi windo jipya.

Watafiti waliochambua kumbukumbu za shamba hilo, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012, walifikia hitimisho la kushangaza. Virusi viliingia zaidi ya mara moja. Vilipoingia mara ya kwanza, nguruwe wote walikuwa hawana kinga, vikaenea kwa kasi na kuzimika. Viliporudi vikakuta kundi lenye kinga nusunusu, vilienea polepole, na upole huo ndio uliovidumisha kwa zaidi ya mwaka, muda wa kutosha kuwafikia watu wengi na mashamba mengine.

Jambo jingine lililosaidia ni kwamba nguruwe wenyewe hawakufa sana. Waliokufa walikuwa chini ya asilimia 5. Wengi walikohoa tu, kikohozi kikubwa kama mbweko, na mfugaji aliyezoea mafua ya mifugo hakuwa na sababu ya kushtuka wala ya kuacha kuuza. Nguruwe wakapakiwa malorini hadi Bukit Pelanduk, katika jimbo la Negeri Sembilan upande wa kusini, eneo lililosongamana mashamba ya nguruwe, na huko ndiko wagonjwa wengi zaidi walikopatikana.

Mtu anaweza kupinga kwamba Bangladesh hupata Nipah karibu kila mwaka tangu 2001 bila nguruwe, na ni kweli: huko watu hunywa utomvu mbichi wa mtende uliogemwa usiku na kuchafuliwa na popo, na wengine huambukizwa wakiwauguza jamaa zao. Lakini milipuko hiyo huwa ya watu wachache na huzimika upesi, ingawa huua sehemu kubwa zaidi ya wanaougua. Malaysia, kwa upande wake, ilipiga marufuku miti ya matunda karibu na mabanda na kuyabana mashamba ya nguruwe katika maeneo maalumu, na tangu 1999 haijaripoti mgonjwa mwingine wa Nipah.