Urusi na Magharibi: Hawakuwahi Kuaminiana, Walikuwa Wakikaguana

Ubishi kuhusu Urusi na Magharibi ukipamba moto, mara nyingi hurudi 1990. Mmoja atakuambia kwamba Februari ya mwaka huo James Baker, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alimhakikishia Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, kuwa NATO haitasogea mashariki hata inchi moja. Mwenzake atamjibu kuwa mazungumzo yale yalihusu Ujerumani na hayakuingizwa katika mkataba wowote. Wa tatu ataleta hati ya Budapest ya 1994: Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki kwenye ardhi yake, Urusi ikaahidi kuheshimu mipaka yake, na miaka 20 baadaye ikaichukua Crimea. Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.

Sina nia ya kuamua ugomvi huo hapa. Nitasema tu kwamba manung'uniko ya Moscow kuhusu NATO ni ya kweli kwa wanaonung'unika, na hayahalalishi hata chembe uvamizi wa Februari 2022. Fani yangu ni udhibiti wa silaha, na ukiitazama historia hii kutoka huku, suala la nani alimdanganya nani linapungua uzito. Pande hizi mbili hazikuaminiana 1962 wakati wa mgogoro wa Cuba, hazikuaminiana 1983, na wala hazikuaminiana 1987 Reagan na Gorbachev walipokuwa wakipeana mikono mbele ya kamera. Tofauti ni kwamba wakati huo walikuwa na namna ya kuchunguzana.

Chukua mji wa Votkinsk, kule Udmurtia nchini Urusi. Wapenda muziki wanaujua kwa sababu Tchaikovsky alizaliwa hapo. Sisi tunaujua kwa kiwanda chake cha makombora. Mkataba wa INF, uliotiwa saini 8 Desemba 1987, ulipiga marufuku makombora yote ya nchi kavu yanayofika kati ya kilomita 500 na 5,500. Kombora la Kisovieti la SS-20 likawa haramu. Lakini kiwanda kilekile kiliendelea kuunda SS-25, kombora la masafa marefu lililoruhusiwa, na hatua yake ya kwanza, yaani sehemu ya chini inayolisukuma linapoanza kuruka, ilifanana sana kwa nje na ile ya SS-20. Ungejuaje kwamba kilichofungwa ndani ya behewa ni hiki na si kile?

Jibu lilikuwa kumweka Mmarekani getini. Kuanzia katikati ya 1988, wakaguzi hadi 30 waliishi nje ya kiwanda hicho, zamu usiku na mchana, wakipima kila behewa lililotoka ambalo lingeweza kubeba kombora. Baadaye waliletewa mashine kubwa ya eksirei ya kupiga picha ya kilichomo, na ilizua ugomvi mkali kabla haijakubaliwa. Wasovieti nao walikaa Magna, jimbo la Utah, nje ya kiwanda kilichowahi kuunda injini za makombora ya Pershing II, ya Wamarekani yaliyopigwa marufuku na mkataba huohuo. Fikiria ofisa wa jeshi la adui akiwa na kitanda na jiko lake nje ya geti lako, majira ya baridi kali, mwaka baada ya mwaka. Wamarekani walibaki Votkinsk hadi Desemba 2009, miaka ya mwisho kwa mujibu wa mkataba mwingine, START, wa kupunguza silaha za nyuklia za masafa marefu. Kufikia Juni 1991 INF ilikuwa imeteketeza makombora 2,692, ya Wasovieti 1,846 na ya Wamarekani 846. Aliyekubali kupoteza mengi zaidi ni upande uliosifika kwa usiri, nami bado naona hilo ni jambo la kushangaza.

Ukaguzi peke yake hautoshi, taarifa lazima zimfikie anayezihitaji. Tarehe 25 Januari 1995, wanasayansi wa Norway na Marekani walirusha roketi ya kuchunguza mianga ya kaskazini kutoka kisiwa cha Andøya. Norway ilikuwa imeijulisha Urusi mapema. Karatasi ile ilikwama njiani, haikuwafikia waliokaa kwenye rada. Wao waliona kitu kikipaa kwa kasi, kikifanana na kombora la nyambizi, na Boris Yeltsin akafunguliwa mkoba wa amri za nyuklia. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, Yeltsin na Clinton walikuwa wakitaniana hadharani, na bado tulifika hapo kwa sababu ya barua iliyolala kwenye meza ya mtu.

Mkataba uliokuja kuwa wa mwisho, New START, ulitiwa saini Prague mwaka 2010 na Obama na Medvedev, marais wa Marekani na Urusi wa wakati huo. Kila upande ulipangiwa vichwa 1,550 vya nyuklia vilivyo tayari kutumika, na haki ya kufanya ukaguzi 18 kwa mwaka. Wanafunzi wangu hupenda kusikia ukaguzi wenyewe ulivyokuwa. Wageni wanafika kwenye kambi kwa taarifa ya muda mfupi, wanachagua kombora moja, wao ndio wanaochagua. Wenyeji wanafungua pua ya kombora. Ndani, vichwa vimefunikwa, kwa hiyo mkaguzi anaweza kuvihesabu bila kuona maumbo yake. Wenyeji wakidai kwamba kitu fulani mle ndani si cha nyuklia, mgeni ana kifaa cha kupima mionzi. Siri inabaki kwa mwenyewe, idadi anaondoka nayo mgeni.

Hakuna setilaiti inayofanya kazi hiyo. Kutoka angani utahesabu mahandaki ya makombora na nyambizi zilizotia nanga. Kilicho chini ya kofia ya kombora hukioni.

Je, nani aliyavunja haya yote? Wote wawili, kwa zamu. Marekani ilijitoa 2002 katika mkataba wa ABM uliozuia kinga dhidi ya makombora. Urusi ilisimamisha ushiriki wake katika mkataba wa majeshi ya kawaida ya Ulaya mwaka 2007. Kwenye INF, Washington iliishutumu Moscow kuunda kombora la 9M729 lililovuka kikomo, na kwa maoni yangu shutuma ile ilikuwa na msingi. Warusi walijibu kwamba mitambo ya Marekani kule Deveselu, Romania, iliyosemwa kuwa ya kujilinda tu, ingeweza kurusha makombora ya kushambulia. Mkataba ulikufa 2 Agosti 2019. Tarehe 18 mwezi huohuo, Marekani ikajaribu kombora la nchi kavu la masafa yaliyokuwa marufuku, kwa kutumia mtambo wa aina ileile ya Mk 41 ambayo Warusi walikuwa wakiilalamikia. Wamarekani walieleza kuwa mfumo wa Romania haukupangwa kwa kazi hiyo. Huenda ni kweli. Lakini kama ungekuwa jenerali wa Moscow siku ile, ungesema nini?

Kisha ukafuata mkataba wa Anga Huria, ulioruhusu ndege za upelelezi kupita juu ya nchi za wenzao huku maofisa wa mwenyeji wakiwa ndani ya ndege hiyohiyo. Marekani ilitoka Novemba 2020, Urusi ikafuata Desemba 2021. Ukaguzi wa New START ulisitishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na haukurudi tena. Putin alitangaza kuusimamisha mkataba Februari 2023, na muda wake uliisha 5 Februari 2026.

Vilivyobaki ni vichache: simu ya dharura iliyotokana na mgogoro wa Cuba, na makubaliano ya 1988 ya kujulishana kabla ya kurusha makombora ya masafa marefu, ambayo Moscow ilisema 2023 kuwa itaendelea kuyafuata.

Tazama sasa hesabu inavyofanyika bila mkaguzi. Kombora la Marekani la Minuteman III hubeba kichwa kimoja, lakini liliundwa kuweza kubeba vitatu. Yars la Warusi nalo hubeba vichwa kadhaa. Mpangaji wa vita wa upande wowote hataandika kwenye jedwali lake idadi anayotamani iwe kweli, ataandika ile ya juu kabisa ambayo chombo kinaweza kubeba, kisha ataiomba serikali yake silaha za kutosha kuikabili. Ofisa wa pili, upande wa pili, yuko mezani akifanya hesabu hiyohiyo, na hakuna hata mmoja wao anayedanganya.