Ati magari ya zamani yalikuwa imara zaidi?

Utamsikia mtu akigonga boneti ya gari la miaka ya 1960: "Hiki ndicho chuma, ya siku hizi ni makopo." Bati ni nene kweli, sibishi. Ila bati nene halifanyi injini idumu.

Magari mengi ya Marekani ya enzi hizo yalikuwa na mita ya maili ya tarakimu tano: ikipita 99,999 inarudi sifuri, kana kwamba hakuna aliyetarajia gari lifike mbali zaidi. Pointi za kuwashia cheche zililika, zikasuguliwa na kupimwa upya kila baada ya kilomita elfu kadhaa. Asubuhi ya baridi unavuta choki (kitufe cha kuipa injini baridi petroli nyingi zaidi) na kuomba Mungu. Leo cheche huendeshwa kielektroniki, na plagi zenye ncha ya iridiamu, metali ngumu, hufika kilomita 100,000 hivi.

 

Magari ya zamani tunayoyaona leo ni masalia tu. Wenzao walioliwa na kutu waliyeyushwa kitambo.

Sifa moja nayapa magari hayo bila kinyongo: ukiwa na spana na bisibisi, ulilitengeneza gari mwenyewe kando ya barabara. Sensa (kifaa cha kupima hali ya injini) ikifa leo, unatafuta fundi mwenye kompyuta.