Je, wajua kinanda cha kanisa la Cappel ni mtumba?

Cappel ni kijiji kidogo kaskazini mwa Ujerumani, kati ya Bremerhaven na Cuxhaven, na kanisani kwao kuna kinanda cha mabomba chenye rejista 30 (yaani safu za mabomba, kila moja na sauti yake), kazi ya fundi Arp Schnitger ya mwaka 1680. Ukikiona utasema wakulima wa pale walikuwa na hela chafu au kuna tajiri aliwachangia. Wala. Ni mtumba. Kanisa lao liliungua 1810, wakajenga jingine, halafu 1816 wakanunua hiki kilichokuwa cha kanisa la Mtakatifu Yohane kule Hamburg, mji ambao ndo kwanza ulikuwa umetoka mikononi mwa Wafaransa wa Napoleon. Kanisa lenyewe la Hamburg likaja kubomolewa 1829.

Sasa dude kama hilo linahamishwaje? Watu wengi wanalichukulia kama sehemu ya ukuta, eti mabomba yamechomelewa kama ya maji. Hapana bwana, yamesimama tu. Chukua kreti ya soda, kila chupa imekaa kwenye tundu lake, hamna gundi hamna msumari, unainyanyua unasepa nayo. Ila kreti hii ndani yake kuna upepo unaosukumwa na mivukuto. Kila safu ya chupa ni rejista moja yenye sauti yake, ukivuta kishikio cha rejista ubao wenye matundu unateleza chini ya safu hiyo mpaka matundu yanalingana, na ukibonyeza noti kinafunguka kilango cha mstari unaokatiza safu zote. Chupa inalia pale tu safu na mstari vyote vikiwa wazi. Ndo maana kubonyeza kwa nguvu hakuongezi sauti, unaongeza safu.

Sio kwamba kazi ni nyepesi lakini. Mabomba mengi ni ya risasi na bati, laini, ukiyashika vibaya yanapinda, na yakifika kanisa jipya lazima yatuniwe upya moja moja.

Kinachochekesha ni kwamba kijijini ndiko kilikopona. Kile kikubwa cha Schnitger cha kanisa la St. Nikolai pale Hamburg, rejista 67, kiliteketea kwenye moto wa 1842, na makanisa mengi yenye uwezo karne hiyo yalikuwa yanabadilisha vinanda kufuata fasheni. Cappel mabomba mengi ya Schnitger yapo hadi leo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Helmut Walcha, mpiga kinanda asiyeona, aliendea hukohuko kurekodi muziki wa Bach, yule mtunzi maarufu wa Kijerumani. Basi ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kinanda cha enzi za Bach, wakati kilimalizika miaka mitano kabla Bach hajazaliwa.