Mwanzo wa kubahatisha na mpinzani wa kompyuta: maana yake katika magemu ya zamu

Kwenye bao la Kiswahili kila mchezaji anaanza na kete 32: sita ndani ya nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zimebaki mkononi. Mko sawa, ukifungwa umefungwa. Magemu ya mkakati yanayochezwa kwa zamu, kama mfululizo wa Civilization ulioanza mwaka 1991, ambamo unaongoza taifa, unajenga miji na kupigana vita, hayana usawa huo. Kabla hujagusa kitu, tayari kuna aliyependelewa.

Upendeleo wa kwanza ni wa bahati. Kila ukianza mchezo mpya, programu inachora dunia mpya kisha inakuweka mahali ambapo hukuchagua. Bahari iko wapi, jirani ni nani, chuma kipo au hakuna, yote utayajua ukishaanza kutembea. Huo ndio mwanzo wa kubahatisha. Lakini kompyuta haibahatishi hivihivi tu. Inaanza na namba moja, wachezaji wanaiita mbegu, na kila mto na kila mlima unatokana na hesabu zinazoanzia kwenye namba hiyo. Mwenzako akiingiza mbegu uliyotumia wewe, akaweka mipangilio yako na toleo lako la gemu, atajikuta kwenye dunia ileile. Civilization VI, iliyotoka 2016, ina mbegu mbili: moja ya ramani, nyingine ya matukio mengine ya mchezo.

Je, mahali pa kuanzia pana uzito kiasi gani? Angalia maji tu. Katika Civilization VI, mji uliojengwa kando ya mto au ziwa unapata nafasi 5 za makazi. Wa pwani usio na maji baridi unapata 3, na wa mahali pakavu 2. Watu wakikaribia kujaza nafasi hizo, ongezeko lao linapungua kasi. Kwa hiyo aliyeangukia jangwani anatumia zamu za mwanzo kuutafuta mto, huku mwenye mto ameshajenga na anafikiria mji wa pili.

Watengenezaji wanalijua hilo, na wanapunguza makali. Kuna mpangilio wa kusawazisha sehemu za kuanzia, na mataifa kadhaa yana mazingira yanayopewa kipaumbele: Kongo huelekezwa kwenye misitu ya mvua, Mali kwenye jangwa, kwa sababu nguvu zao zimeundwa zitumie ardhi hiyo. Hata hivyo bado kuna bahati ya majirani. Zanzibar, kwa mfano, imo kama mji unaojitawala. Aliyepeleka wajumbe wengi kuliko wengine pale anapewa karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo huwezi kuzikuta zimeota popote kwenye ramani. Kuamka karibu na Zanzibar si jambo dogo.

Upendeleo wa pili hautokani na bahati, umewekwa makusudi, na huu ndio unaowachanganya watu wengi. Mchezaji akipandisha ngazi ya ugumu anadhani kompyuta anayoshindana nayo sasa itatumia akili zaidi. Wapi! Namna yake ya kuamua mambo inabaki ileile kwa kiasi kikubwa. Kinachobadilika ni mtaji. Kwenye Prince, ngazi ya kati ya Civilization VI, mnaanza sawa, kila mmoja na mlowezi mmoja wa kujenga mji. Kwenye Deity, ngazi ya juu kabisa, wewe bado una mlowezi mmoja, kompyuta inao watatu. Juu ya hapo askari wake wanapigana wakiwa na pointi 4 za ziada, na miji yake inazalisha haraka kuliko yako.

Kwa nini wasiipe akili badala ya mtaji? Kwa sababu ni kazi ngumu. Chesi ina vipande 32 na ubao unaoonekana wote, na hata hivyo ilichukua hadi 1997 kwa kompyuta ya Deep Blue kumshinda bingwa wa dunia Kasparov katika mfululizo wa michezo. Hapa kuna miji, biashara, vita, dini na diplomasia, sehemu ya ramani imefichika, na mchezaji hataki kusubiri dakika kumi kila zamu. Udhaifu unaonekana zaidi vitani. Tangu Civilization V ya 2010, vikosi viwili vya kivita haviwezi kukaa kwenye kigae kimoja cha ramani. Kompyuta yenye jeshi kubwa hujikuta imejibana yenyewe kwenye njia nyembamba kati ya milima, wapiga mishale wake wakiwa mbele na wenye mikuki nyuma, na wewe unawamaliza mmoja mmoja kutoka kwenye ukuta wa mji wako.

Ndiyo maana kipindi kigumu kwenye Deity ni mwanzo. Ukivuka mashambulizi ya mapema, ule mtaji wa walowezi watatu unazidi kupoteza maana, na makosa ya kompyuta yanaanza kukulipa.

Upendeleo huu wa aina mbili unaingiliana. Mto, vilima na mlima unaomzuia jirani vinaweza kufuta sehemu kubwa ya mtaji wa kompyuta. Kwa hiyo mtu akisema ameshinda Deity, swali la kwanza ni ameanza upya mara ngapi mpaka akapata ramani aliyoipenda. Wanaoshindana kwa dhati hupeana mbegu moja, wote wakaanzia palepale. Mimi kwa anayejifunza ningemshauri acheze Prince, aweke mpangilio wa kusawazisha, na asianze upya ila kama hata baada ya kusogea zamu mbili tatu hajaona maji.