Puchi seikei: maana ya kubadili sura bila kisu huko Asia Mashariki

Kikorea kina maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti lakini yanatofautiana sana kwa uzito: susul na sisul. Susul ni upasuaji wenyewe, wa kisu na nyuzi na siku kadhaa za kujifungia ndani uso ukiwa umevimba. Sisul ni kile daktari anachokufanyia bila kukupasua: sindano, nyuzi za kuyeyuka, mashine ya joto. Mtu anaweza kukuapia kwa moyo mweupe kwamba hajawahi kufanyiwa susul hata siku moja, na pua yake isiwe ile aliyozaliwa nayo. Wala hajasema uongo, kwa lugha yake.

Wajapani huita jambo hilo hilo puchi seikei. Seikei ni kutengeneza umbo, na puchi wameichukua kwenye neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kidogo. Wachina husema wei zhengxing, na hiyo wei nayo ni udogo, kitu cha kiasi kidogo mno. Lugha hizi mbili zimeamua kuliita jambo hili kwa udogo wake, na hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Kilicho kidogo ni tundu la kuingilia. Kinachofanyika ndani ya ngozi si lazima kiwe kidogo.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu maneno "sura ya Kiasia", ambayo watu huyatumia wakizungumzia jambo hili. Asia ni pana, na Mhindi, Mwajemi na Mfilipino wote ni Waasia. Puchi seikei inahusu hasa watu wa Korea, Japani, China, Taiwan na Vietnam, nao hawafanani kama sare za shule. Yapo maeneo matatu ya uso ambayo wateja wa huko huyataja zaidi ya mengine: kope, mgongo wa pua, na upana wa taya.

Tuanze na kope, maana ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko vyote. Kope ya juu inanyanyuliwa na msuli ulio nyuma yake. Kwa baadhi ya watu, nyuzinyuzi za msuli huo hufika mpaka kwenye ngozi na kuishika, kwa hiyo jicho likifumbuka ngozi huvutwa ndani na mkunjo hutokea. Kwa wengine nyuzinyuzi hizo haziishiki ngozi, au huishika chini kabisa karibu na nywele za kope, na mafuta yanayolizunguka jicho huteremka zaidi. Ngozi hushuka laini kama pazia lisilo na marinda. Wakorea huuita mkunjo huo ssangkkeopul. Wajapani husema futae, tabaka mbili, na jicho lisilo na mkunjo ni hitoe, tabaka moja. Watu wa aina zote mbili wamejaa huko. Ndugu wa tumbo moja hutofautiana, na wapo watu ambao jicho la kulia lina mkunjo na la kushoto halina.

Njia ya kutengeneza mkunjo huo bila daktari ni ya asubuhi, mbele ya kioo. Msichana anaosha uso, anaukausha vizuri kwa sababu mafuta yataharibu kazi, kisha anafumba jicho moja. Kwa kibrashi chembamba anachora mstari wa gundi nyeupe kama maziwa, milimita chache juu ya nywele za kope. Anasubiri gundi igeuke kuwa angavu. Halafu anachukua kijiti cha plastiki chenye ncha mbili kama uma mdogo, anaiegemeza kwenye mstari ule, anaisukuma ngozi ndani taratibu huku akifumbua jicho. Ngozi inajikunja na kunata. Anapepesa mara mbili tatu kuona kama imeshika. Wengine badala ya gundi hutumia tepu iliyokatwa kwa umbo la mwezi mchanga. Akioga jioni, mkunjo umekwenda na maji. Vitu hivi huuzwa kwenye maduka ya dawa na vipodozi kwa bei ya mtoto wa shule, na wengi huanza wakiwa na umri huo. Havina hatari kubwa, lakini gundi nyingine huwasha na kuacha kope nyekundu yenye ukurutu, hasa kwa mwenye mzio wa mpira, na ngozi inayovutwa na kubanduliwa kila siku inaweza kulegea.

Hatua inayofuata ndiyo inayovuruga mpaka kati ya puchi na upasuaji. Kliniki za Japani hutangaza maibotsuhō, njia ya kufukia: daktari anatia ganzi, anapitisha uzi mwembamba ndani ya kope kwa sindano, anafunga fundo na kulificha chini ya ngozi. Hakuna mpasuko, kwa hiyo wengi huihesabu kama puchi. Lakini uzi unabaki mwilini, fundo linaweza kulegea baada ya miaka na mkunjo ukapotea, au likasogea na kukwaruza jicho. Kwa maoni yangu huo ni upasuaji uliopewa jina la upole. Njia hii pia si ya jana. Mwaka 1896 daktari Mjapani aitwaye Mikamo aliandika jinsi alivyotumia nyuzi kumtengenezea mkunjo mwanamke ambaye jicho lake moja lilikuwa nao na jingine halina. Alikuwa analilinganisha jicho moja la mgonjwa na jicho la pili la mgonjwa huyo huyo.

Nimemtaja Mikamo kwa makusudi, kwa sababu ya lile swali linalomjia kila mtu: je, hawa wanataka kufanana na Wazungu? Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ameshaona mkorogo ulivyoharibu nyuso za watu, na jibu linamjia haraka. Ukweli una pande zaidi ya moja. Upo ushahidi wa upande huo: baada ya Vita vya Korea, miaka ya 1950, daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani David Ralph Millard aliwapasua kope Wakorea na akaandika wazi kwamba alikuwa akiondoa muonekano wa Kiasia. Mmoja wa wagonjwa wake wa kwanza alikuwa mkalimani aliyeona kwamba Wamarekani hawamwamini kwa sababu ya macho yake. Hiyo ni historia ya unyonge mbele ya jeshi la kigeni, na haifai kupakwa rangi.

Lakini mteja wa leo wa Seoul akipewa picha ya jicho la Mzungu atakataa. Anataka mkunjo mwembamba, wa chini, kama wa binamu yake au wa mwigizaji wa tamthilia. Uso wenye kidevu chembamba Wachina huuita guazilian, uso wa mbegu ya tikiti, na sifa hiyo ni ya kwao. Chini ya jicho, Wakorea hupenda kifuko kidogo cha nyama kinachovimba mtu akicheka, wanakiita aegyo sal, nyama ya haiba, na wapo wanaokijaza kwa sindano. Mzungu wa makamo hulipa ili vifuko vya chini ya macho viondolewe. Kinachowasukuma watu wengi huko ni ushindani wa nyumbani. Kwa miaka mingi fomu za kuomba kazi Korea Kusini zilidai picha ya mwombaji, na ni mwaka 2017 tu serikali ilipozitaka taasisi za umma kuajiri bila kuangalia picha. Msichana anayejua kwamba uso wake unasomwa kabla ya cheti chake, mimi siwezi kumcheka.

Sasa taya. Weka vidole viwili chini kidogo ya sikio, kisha ng'ata meno kwa nguvu. Kile kinachovimba chini ya vidole ni msuli wa kutafuna. Kwa watu wenye msuli mnene uso huonekana wa mraba, hata kama mfupa wenyewe si mpana. Hapo ndipo Botox inapoingia. Dawa hii inatokana na sumu ya bakteria, na huzuia neva kuuamrisha msuli ujikunje. Mwaka 1989 Marekani iliiidhinisha kwa makengeza na kope zinazojifumba zenyewe. Idhini ya mikunjo kati ya nyusi ilikuja 2002. Kwenye taya kazi yake ni tofauti kidogo na ya mikunjo. Msuli usiotumika hunyauka, kama mguu uliotoka kwenye plasta, na uso hupungua upana taratibu kwa wiki kadhaa. Baada ya miezi sita hivi nguvu inarudi na msuli nao unarudi. Katika wiki za mwanzo watu huambiwa waepuke ubani wa kutafuna na ngisi mkavu, kitafunwa ambacho Wakorea wanakipenda sana, ili msuli usipate mazoezi. Dawa ikisambaa hadi msuli wa jirani, tabasamu huenda upande mmoja kwa miezi. Na kama upana wako unatokana na mfupa, sindano haitakufaa kitu. Daktari mwaminifu atakugusa, atakuambia ung'ate, na atakurudisha nyumbani na pesa zako.

Pua ndiyo inayonifanya niandike. Mgongo wa pua ulio chini hunyanyuliwa kwa fila, yaani kijazio, na kinachotumika zaidi ni asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unakitengeneza kwenye ngozi na viungo na ambacho hushika maji. Inakuja kama jeli ndani ya bomba la sindano. Dakika kumi na tano, pua imeinuka, mteja anarudi kazini. Jeli huyeyuka yenyewe kwa mwaka hivi, wakati mwingine zaidi. Kwenye karatasi ya bei inakaa karibu na usafishaji wa chunusi.

Ila mishipa ya damu ya pua imeungana na mishipa ya jicho. Sindano ikiingia ndani ya mshipa na daktari akasukuma kwa nguvu, jeli inaweza kurudi nyuma kinyume na mkondo wa damu, ikafika kwenye ateri ya jicho, kisha ikasukumwa mbele na kuziba damu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Upofu wa namna hiyo hutokea ghafla, wakati sindano bado iko mkononi, na mara nyingi hauponi. Ni nadra, lakini umeandikwa mara nyingi katika majarida ya tiba, na pua pamoja na eneo la kati ya nyusi ni miongoni mwa sehemu zinazotajwa zaidi. Mshipa wa ngozi ukizibwa badala ya wa jicho, dalili huanza kwa ngozi kuwa nyeupe kama karatasi, kisha madoa ya zambarau yanayofanana na wavu, na maumivu yasiyolingana na kichomo cha sindano. Ikiachwa, ngozi hufa na kuwa nyeusi. Mtu aliyeambiwa amefanyiwa kitu "kidogo" anakwenda kulala na barafu usoni akisubiri uvimbe upungue, na saa zinapita.

Haya yameshawahi kutokea kwa sura nyingine. Mwaka 1899 daktari Robert Gersuny wa Vienna alianza kuwadunga watu vaselini, mafuta mgando yatokanayo na petroli, ili kurekebisha umbo, na baada yake parafini ikadungwa kwenye pua za watu nchi nyingi, Japani ikiwemo. Ilikuwa rahisi, ya haraka, bila kisu. Miaka baadaye ikawa mafundo magumu chini ya ngozi, ambayo yaliweza kutolewa kwa kisu tu.

Asidi ya hayaluroniki ina jambo moja jema ambalo parafini haikuwa nalo: ipo dawa ya kuiyeyusha, kimeng'enya kiitwacho hayaluronidezi. Kinadungwa hapo hapo, kwa wingi na kwa kurudia, mpaka rangi ya ngozi irudi. Kwa jicho mara nyingi huwa kimechelewa, maana retina haivumilii kukosa damu. Kwa ngozi kinaokoa, kikiwahi. Kwa hiyo anayepanga kufanyiwa sisul ya pua, iwe Seoul, Bangkok au Dubai, aulize kabla ya kulala kitandani: fila yenu ni ya aina gani, hayaluronidezi ipo ndani ya jengo hili sasa hivi, na daktari anayejua kuidunga nitampataje usiku wa leo ngozi ikibadilika rangi?