Bendera ya buluu haimlazimishi mtu kukupisha

Nimechoka na bendera ya buluu, ile anayoonyeshwa dereva anapofikiwa na mwenye kasi zaidi nyuma yake. Mimi ndiye mwamuzi wa ligi yetu ndogo ya NASCAR, zile mbio za magari za Marekani, tunazoziendesha kwenye iRacing, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari; ligi ya watu wa Kampala, Jinja na Busia pamoja na wenzetu wachache wa Nairobi na Mwanza. Kila nikifungua malalamiko nakuta wimbo uleule: "Nimeshamzidi mzunguko mzima, buluu inapepea, akakataa kutoka. Mwadhibu." Juzi kiongozi wa mbio aliniandikia gazeti zima la namna hiyo baada ya kumgonga mtu tako kule Martinsville. Aliyeadhibiwa ni yeye. Amenuna mpaka leo, na kwenye kundi la WhatsApp waliomtetea ni wengi kuliko walionielewa. Basi naandika hapa, na atakayenipigia kelele tena nitamtumia kiungo.

Imani hii imetoka Formula 1. Kule aliyezidiwa mzunguko akionyeshwa buluu ni lazima apishe mapema, la sivyo anaadhibiwa. Wengi wetu tulijifunza kutazama mbio kupitia Formula 1, tukabeba sheria zake kama zilivyo. Bendera ya NASCAR ni buluu yenye mstari wa njano wa mshazari, na ni taarifa tu: mwenye kasi anakuja, kaa ukijua. Dereva akiona vyema kuendelea na mbio zake, anaendelea. iRacing nayo inafuata mkondo huohuo: kazi ya kupita salama ni ya anayepita, na anayepitwa anadaiwa kushika njia yake bila kuyumba. Basi. Hadaiwi kukuondokea.

Hapo ndipo watu wananiambia, "Lakini mwamuzi, adabu?" Adabu ipo, ila si hiyo mnayoifikiria. Ajali nyingi ninazozitazama kati ya kiongozi na waliozidiwa mzunguko hazisababishwi na mkaidi. Zinasababishwa na mpole. Anaona buluu, anaingiwa na hofu ya kumkera mkubwa, anaachia mafuta katikati ya kona au anaruka ghafla kwenda juu, yaani upande wa nje karibu na ukuta, wakati kiongozi naye alishaamua kupita hukohuko juu. Aliyewahi kuendesha nyuma ya malori ya Malaba kwenye barabara ya Jinja, pale msitu wa Mabira, anajua: lori linalokaa mahali pake kwa mwendo wake unalipanga na kulipita. Lori linalosogea nusu likupishe, likaghairi, likasogea tena, ndilo linalopeleka watu mtaroni.

Kwa hiyo ukizidiwa, amua mapema. Ukiwa bado kwenye mnyoofu, nusu mzunguko kabla hajakufikia, chagua ndani au nje, sema kwenye sauti "nipo nje", kisha kaa huko hata kama unaona njia nyingine ingekuwa nzuri zaidi. Na tafadhali tuseme ndani na nje, tuachane na kushoto na kulia. Kwenye ovali, viwanja vya umbo la yai, ndani ni kushoto siku zote, na sisi wa nchi za kuendesha kushoto, mazoea ya barabarani yanatuambia kupita ni kulia. Nimesikia mtu akitangaza "napita kulia" huku pua yake iko ndani kabisa, akamchanganya kila mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo viongozi hawataki kulisikia: aliyezidiwa mzunguko mmoja ana mbio zake. Tangu 2003 NASCAR inampa gari la kwanza kati ya yaliyozidiwa ruhusa ya kurudishiwa mzunguko mmoja bendera ya njano, ile ya tahadhari, ikitoka. Kabla ya hapo magari yalikuwa yanakimbizana mpaka mstarini hata baada ya njano. Mwaka huohuo, kule New Hampshire, gari la Dale Jarrett lilisimama katikati ya njia huku wenzake wakija kwa kasi. Baada ya tukio hilo mbio za kurudi mstarini zikafutwa, nafasi zikawa zinagandishwa mara njano inapotoka. Ligi yetu inatumia sheria hiyo ya kurudishiwa mzunguko. Sasa, wawili wanaogombania nafasi hiyo wako bega kwa bega, wewe kiongozi unafika nyuma yao unapiga mayowe. Wao wana sababu ya kubaki pale, kama wewe ulivyo na sababu ya kutaka kupita. Uwanja wa Martinsville ni maili 0.526, hata kilomita moja haufiki, na mzunguko unaisha kwa sekunde 20 hivi. Ukisubiri kona mbili umepoteza sehemu ndogo ya sekunde. Ukimgonga, iRacing inawaandikia wote wawili alama nne za tukio, yaani alama za makosa, bila kuuliza nani alianza, halafu unaniletea mimi kesi.

Kuhusu nani mwenye haki ya kona, nitapita haraka. Pua yako ikifika usawa wa mlango wa dereva kabla hajaanza kupinda, anadaiwa kukuachia njia moja. Ikiwa imefika tairi la nyuma tu, wewe ndiye unayedaiwa breki. Mkiingia kona pamoja, aliye ndani abaki ndani. Magari haya yana uzito wa zaidi ya tani moja na nusu ukihesabu dereva na mafuta, na ukiingia kwa kasi uliyoikopa utasukumwa juu mpaka umbane mwenzako ukutani. "Gari lilipanda lenyewe" si utetezi. Na usisahau hewa: ukimsogelea mtu mpaka karibu na bampa unaivuruga hewa ya spoila yake, lile bawa la nyuma, mkia unalegea, anaserereka bila kuguswa. Hapo sitoi adhabu, ila najua ulichofanya.

Sasa nifike penye utata, maana wapo wanaodhani nina jibu la kila kitu. Mzunguko wa mwisho kwenye uwanja mfupi. Utamaduni wa NASCAR unakubali umguse wa mbele kidogo kwa bampa, apande juu nusu njia, upite ndani. Hata mimi napenda kuutazama. Lakini "kidogo" ni kiasi gani? Agosti 2024 kule Richmond, Austin Dillon alimgonga Joey Logano akazunguka, kisha akamgonga Denny Hamlin, akashinda. NASCAR yenyewe ilimwachia ushindi kwenye rekodi, ikamnyima nafasi ya mchujo wa ubingwa ambayo ushindi huo ungempa. Yaani ulishinda, lakini si sana. Kama wenyewe, wenye kamera kila kona na kumbukumbu za data za gari, waliamua namna hiyo, mimi na kompyuta yangu hapa Ntinda, Kampala, tufanye nini? Kwa sasa natumia kipimo hiki: aliyeguswa akiweza kumaliza kona bila kuzunguka na bila ukuta, naacha. Najua kina kasoro. Kinampendelea mwenye mikono mizuri anayeguswa vibaya akaokoa gari, na kinamhukumu aliyemgusa kwa upole mtu asiyejua kuzuia mkia. Kesi mbili zenye mguso uleule nimezikata tofauti kwa sababu ya kilichotokea baadaye, na sijapata kipimo bora zaidi.

Halafu kuna intaneti. Uganda haina bahari. Data yetu inasafiri nchi kavu mpaka Mombasa ndipo ikutane na nyaya za chini ya maji, kisha iende Ulaya kwenye seva tunayoitumia, irudi kwa njia hiyohiyo. Chukulia safari nzima inakula sekunde 0.2. Kwenye uwanja wa Daytona magari yanakwenda karibu kilomita 305 kwa saa, yaani mita 85 kwa sekunde. Katika hizo sekunde 0.2 gari limesogea mita 17, zaidi ya urefu wa magari matatu. Programu inaziba pengo hilo kwa kukisia gari la mwenzako litakuwa wapi, na mara nyingi inakisia vizuri kwa sababu anayenyoosha usukani anatabirika. Anayepinda ghafla hatabiriki. Ndiyo maana nimepiga kelele hapo juu kuhusu kushika njia: ukiruka, kwenye skrini yangu bado uko pale ulipokuwa.

Hili ndilo linaloninyima raha ya uamuzi. Naomba marudio ya pande zote mbili. Ya kwanza yanaonyesha pua ikiwa mlangoni. Ya pili, kona ileile, pua haijavuka tairi la nyuma. Hakuna anayedanganya, kila mmoja ameendesha mbio alizoziona. Marudio yaliyorekodiwa kwangu yanaonyesha kitu cha tatu. Nikifika hapo naandika "tukio la mbio", watu wananiita mwoga, na umeme ukikatika kabla sijatuma uamuzi ndiyo kabisa, wanasema nimejificha.

Kuanzia mbio zijazo za Daytona nataka hivi: spota, ile sauti inayokwambia nani yuko pembeni yako, akisema njia nyeupe, usirudi chini papo hapo, hesabu urefu wa gari moja zaidi ndipo ushuke. Wa Nairobi wanasema wao mtandao wao uko sawa, hiyo sheria iwahusu wa Kampala peke yetu. Hapana. Sekunde hizo zinajumlishwa, zako na zangu, na anayegongwa hajui zilizidi upande gani. Nafasi mnayoiacha wenye kasi wataijaza, ndiyo, na mtapoteza sehemu moja au mbili kwenye drafti, ule msururu wa magari yanayofuatana kwa karibu kupunguza upepo. Mimi mwenyewe naipoteza kila mbio.