Chai ya anisi-nyota si dawa ya influenza

Kila msimu wa mafua tunaulizwa swali lilelile: dawa ya influenza si inatoka kwenye anisi-nyota, kile kiungo cha chakula? Basi chai yake inatosha.

Swali lina chanzo. Oseltamivir, dawa ya influenza iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999, kwa miaka mingi ilitengenezwa kwa asidi ya shikimiki inayotolewa kwenye kiungo hicho. Homa ya ndege ilipotisha dunia mwaka 2005, dawa ikagombewa na kiungo kikaadimika. Ila asidi hiyo ni malighafi tu. Hupitia hatua nyingi za kikemia ndipo iwe dawa, na anayekunywa chai ya anisi anakunywa chai. Tena awe macho: anisi ya Japani inafanana nayo mno, na ina sumu inayoleta degedege.

Kirusi kipya kikichomoza kwenye seli hunata juu yake mpaka kimeng'enya chake, nyuraminidasi, kikate kinachokishika. Oseltamivir huziba kimeng'enya hicho, virusi vikabaki vimenasa palepale, visienee kwenye seli nyingine. Ndiyo maana hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zijitokeze.

Je, mimea mingine? Maabara tunatandaza seli kwenye kisahani, tunazitia virusi, na baada ya siku mbili tatu tunazipaka rangi ya zambarau. Palipokufa seli huonekana tundu jeupe. Dondoo la mmea likipunguza matundu tunafurahi, lakini kwa tahadhari. Tanini, kemikali kakasi zilizojaa kwenye magome mengi, hung'ang'ania protini yoyote, iwe ya kirusi au la, kwa hiyo matundu yanaweza kupungua bila mmea kuwa dawa. Na kisahani kikitoka cheupe chote, maana yake dondoo limeua seli zenyewe. Mimi huanza kutafuta dalili hiyo.

Kisha kuna mwili. Katekini, kemikali za asili za chai ya kijani, huzuia kirusi vizuri kwenye kisahani, ila utumbo hufyonza kidogo na ini hubadilisha upesi kile kilichopita. Glisirizini ya mzizi wa urukususu nayo, ikizidi, hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Kwa hiyo mwambie daktari mitishamba unayotumia, hata kama hajauliza.

Mjamzito, mzee au mwenye pumu akishikwa na homa kali na kikohozi, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Chai anaweza kuinywa akirudi.